Aliyepokelewa Bila Kufungwa

Mukandori Drocella wa Nzahaha aliuza sambaza, dagaa wa ziwani, miaka ishirini na mitatu bila kugombana na mteja hata mmoja juu ya samaki. Juu ya mambo mengine yote aligombana nao. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mjane wa mtu wa kiwanda cha saruji, na jambo lolote alilisema mara mbili: mara ya kwanza kwa sauti ya chini, mara ya pili kwa sauti ya soko. Asubuhi alivuka daraja la Rusizi ya Pili na beseni tupu, mchana akarudi nalo limejaa, na kati ya safari hizo mbili alisimamia ndoa za watu, misiba ya watu, na kuanzia mwaka 2003, wafungwa wa watu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo redio ilitangaza kwamba wafungwa wengi wataachiliwa: wazee, wagonjwa, na wale ambao mafaili yao yalitafutwa yakakosekana. Walioshtakiwa kwa damu ya watu walikuwa na njia yao, gacaca, mahakama ya wanakijiji wenyewe, na juu ya hiyo hakuna aliyetania. Lakini walibaki wengine, wa makosa madogo au wasio na faili kabisa, na hao ndio walioleta tabu, kwa sababu hakuna aliyejua wapokelewe namna gani. Mtu akirudi kutoka safari anapewa maji. Akirudi kutoka hospitali anapewa uji. Akirudi kutoka gerezani anapewa nini?

Drocella aliamua jambo hilo haliwezi kuachiwa bahati. Alikwenda kwa akina mama wa parokia, akashuka uwanda wa Bugarama kwa wakulima wa mpunga wa msikitini, akapita kwa wafanyakazi wa saruji, akavuka hata Bukavu kuwasemesha wachuuzi wenzake. Ilimchukua miezi mitatu kuwaketisha wote kwenye benchi moja, na walipoketi, mikutano minne ya kwanza iliishia kwenye swali moja: mpokewa na mpokeaji watakunywa nini.

"Sisi tukunywe na mwizi mu chupa moja?" aliuliza Mzee Mukengere, aliyewakilisha watu wa saruji. Alikuwa na mapafu mabovu na maneno mazuri.

"Si mu chupa. Mu kibuyu," Drocella alimjibu.

"Kibuyu iko na tofauti gani?"

"Mu chupa unaona kile unakunywa."

Parokia ilitaka pombe ya ndizi, kama desturi ilivyo, kibuyu kimoja na mirija miwili. Mzee Idi Ciza wa msikitini alisema pombe hapana, hata ya kusameheana. Maman Antoinette, mchuuzi wa Bukavu aliyekuja na viatu vyake mkononi ili visiingie tope, aliwashangaa wote.

"Kwetu muntu akitoka mu gereza tunakunywa ile iko. Kama haiko, tunakunywa maji. Kama maji haiko, tunamusalimia tu."

Mwalimu Tuyishimire, katibu, aliandika hata hilo. Mwishowe walikubaliana juu ya Fanta ya limau, imiminwe kwenye kibuyu ili isionekane kuwa Fanta.

Kila mkutano ulipotaka kuvunjika, Drocella alisimama na kutoa hoja yake moja, ile iliyowaleta wote pale. "Mimi mwenyewe niliibiwa," alisema kwa sauti ya chini. Kisha kwa sauti ya soko: "Niliibiwa bidoni nzima ya mawese! Lita makumi mbili! Na nilisamehe! Nyinyi munashindwa nini?"

Hapo watu waliinamisha vichwa, maana kisa hicho kilijulikana kilima kizima. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1994, Drocella alimpa jirani yake Kayitare Faustini bidoni la mafuta ya mawese alipeleke kwa dada wa Drocella, mjini Kamembe. Kayitare aliondoka na bidoni, na si yeye wala bidoni aliyeonekana tena. Ilisemwa amevuka kwenda Kongo kuyauza. Mwaka wa tatu padri mmoja alileta habari kwamba Kayitare yuko hai, yuko katika gereza la mbali, upande wa pili wa msitu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Basi serikali ina macho: hata bidoni moja imeliona. Drocella hakuwa amemshtaki mtu popote. Alikuwa amesema tu sokoni, na njiani, na kisimani, na kwenye misiba mitatu.

Mwalimu Tuyishimire alitunga utaratibu na kuuandika kwa mkono wake, kwa wino. Ulikuwa na hatua nne. Kosa litajwe. Aliyekosa aombe. Aliyekosewa asamehe. Wote wawili wanywe. Baada ya hapo aliyeomba atapewa kadi iliyokatwa kwenye katoni la sabuni, yenye maneno "Mwenye kadi hii amepokelewa na wenzake", na juu yake muhuri ambao fundi viatu aliuchonga kwenye soli ya kandambili. Umoja ukaitwa Umoja wa Kupokea. Ulikuwa na viongozi tisa, Drocella akiwa mwenyekiti, kibuyu kimoja, kadi mia mbili, na haukuwa na mtu hata mmoja wa kumpokea.

Kwa hiyo Jumatatu ya tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, pikapu iliposimama barabarani na Kayitare Faustini akashuka na bakuli la bati na furushi, viongozi wote tisa walimkimbilia kwa furaha ambayo yeye hakuitegemea. Alidhani kuna moto nyuma yake, akageuka kutazama.

Alikuwa amekonda na amepoteza meno ya mbele, lakini alikuwa yeye yule, mtu wa kujibu taratibu. Mkewe Nyiraneza alimshika mkono wala hakuuachia tena hadi nyumbani. Binti yao Uwingabire, aliyekuwa na miaka kumi baba alipoondoka, sasa alikuwa mchumba. Jumamosi ya juma hilohilo upande wa mvulana ulikuwa unakuja kumposa rasmi, na aliyekuwa msemaji wa upande huo, baba mdogo wa mvulana, ni Mzee Mukengere wa saruji.

Mzee Mukengere hakuficha neno. Jumatatu hiyohiyo alisema mbele ya kamati nzima: "Tulikuwa tumezoea kwamba kiti ya baba itakaliwa na mujomba. Sasa baba iko. Sawa. Lakini sisi hatuombi binti kwa muntu mwenye iko katikati, si ndani si inje. Apokelewe kwanza. Aonyeshe kadi. Kama haiko na kadi, turudishe ngombe zetu mu mabanda."

Mwalimu aliomba karatasi ya kuachiliwa. Kayitare aliitoa ndani ya furushi, imekunjwa mara nane. Mwalimu aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Mahali palipoandikwa "Kosa" palikuwa na kistari.

"Kuna kistari," alisema.

"Kistari ni kosa gani?" aliuliza Mzee Idi.

"Si kosa. Maana yake hawakupata kitu."

Kamati iliingiwa na huzuni. Kadi mia mbili, na mtu wa kwanza hana kosa! Hatua ya kwanza isipopita, ya pili haipo. Mwishowe Maman Antoinette alipiga paja lake.

"Nanyi batu ba wapi! Na mafuta ya presidenti?"

Wote walimgeukia Drocella kwa shukrani, kama mtu aliyetoa mboga siku ya wageni wengi. Kosa lilikuwepo, na aliyekosewa alikuwepo, tena ni mwenyekiti mwenyewe. Sherehe iliwekwa Ijumaa, na Madame Isimbi wa shirika moja la Kigali, aliyeahidi kuja na kamera kutazama umoja huo unavyofanya kazi, aliarifiwa. Mwalimu alimuuliza Kayitare kama anakubali. Kayitare alimtazama Drocella muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Ni sawa," alisema. "Tuseme mafuta."

Neno hilo "tuseme" lilimkaa Drocella kifuani kama mwiba wa samaki.

Jumatano alasiri alikuwa uani akianika sambaza kwenye mkeka, Kayitare akaingia, akabisha hodi akiwa tayari ndani, akaketi kwenye jiwe la kunolea visu.

"Maman Drocella, nimekuja juu ya ile bidoni."

"Papa Uwingabire, nilishaisamehe."

"Aksanti. Lakini dada yako aliingojea, na mi sikumufikia. Ile inaniuma. Nilitaka ujue ni vile lori haikusimama Kamembe."

"Lori gani?"

"Si ni ile ulisimamisha na kitenge?"

Drocella aliacha mkono wake juu ya samaki. Lori. Hakuwa amelifikiria lori hilo miaka tisa, na sasa lilimjia lote: la kijani, na turubai, likipanda kutoka Bugarama. Kayitare alitaka kwenda kwa miguu. Yeye ndiye aliyefungua kitenge chake cha juu, akasimama katikati ya barabara akikipunga mpaka lori likasimama.

"Dereva alisema habebi batu," Kayitare aliendelea. "Ukamuonyesha nyuma, ukasema: kama unabeba hawa wote, huyu mumoja atakushinda nini? Akacheka. Ukanisukuma mugongo, ukanipandishia bidoni."

"Nilizani ni batu ba soko."

"Na mi nilizani vile. Yule alikuwa pembeni yangu nilimuuliza, Papa, munaenda soko gani? Akaanza kulia."

Kamembe lori lilipita bila kupunguza mwendo. Kayitare aligonga kibanda cha dereva hadi vidole vikavimba. Walivuka msitu. Walipofika kwenye lango kubwa la gereza, mtu mwenye karatasi aliwapanga mstari akawahesabu. Karatasi ilisema arobaini. Huko nyuma, kabla lori halijafika Nzahaha, mmoja alikuwa ameruka akapotelea kwenye mihogo, lakini walinzi hawakuwa wamemwona. Kwa hiyo pamoja na Kayitare walitimia arobaini kamili.

"Nikasema, mi siko wa hapa, mi niko wa mafuta. Yule wa karatasi akanitazama na huruma. Akasema: Papa, tangu juma ilianza, leo njo siku ya kwanza hesabu inatoka sawa, na weye unataka kuiharibu?"

"Na miaka yote hukusema tena?"

"Nilisema kila siku! Mwaka wa kwanza bananicheka. Mwaka wa pili banasema, huyu anaficha kintu kubwa. Mwaka wa tatu nilinyamaza, kwa sababu wale batu ba makosa ya kweli balianza kuniogopa."

Drocella aliketi chini, juu ya samaki.

"Na mafuta?" aliuliza, kwa kukosa la kuuliza.

"Ilipika maharagi ya ua muzima, juma moja. Balikuombea. Hawakujua jina yako, balisema tu, Mungu ambariki mwenye bidoni."

Kuku alikuja akadonoa sambaza mbili, hakuna aliyemfukuza. Drocella alifuta mikono yake kwenye nguo, akaifuta tena.

"Ijumaa nitabasemea batu ukweli."

Hapo Kayitare, aliyesimulia habari za gereza kama mtu anayesimulia mvua, alishtuka kwa mara ya kwanza. Aliinuka kwenye jiwe.

"Apana, Maman! Nakuomba sana. Wewe unafikiri Mukengere atapenda ile? Muntu aliiba mafuta, batu wanamuelewa: alikuwa na njaa, shetani alimushika, ametubu, imekwisha. Lakini muntu alipanda lori akakaa gereza miaka tisa bule, ile ni mukosi. Mwizi anatubu. Mwenye mukosi anafanya nini? Nani atapeleka kijana wake mu nyumba ya mukosi?" Alikunja mikono kifuani kama mtoto wa komunyo. "Uniachie niibe ile mafuta, Maman. Mpaka siku ya posa tu."

Drocella aliinuka, akaanza kupanga upya sambaza alizozikalia. Siku mbili zilizofuata alihesabu hasara kila upande. Akinyamaza, Kayitare atapata kadi, Uwingabire ataposwa, umoja wa watu wa parokia na msikiti na saruji utasimama, naye mwenyewe atabaki yule mwanamke mwenye moyo mkubwa aliyesamehe. Akisema, vyote hivyo vinaweza kuanguka Ijumaa moja. Kila alipopima, kunyamaza kulishinda. Kilichomsumbua ni kwamba kulishinda kwa urahisi mno.

Ijumaa uwanja wa shule ya msingi ulijaa. Madame Isimbi wa Kigali alifika na kamera, fomu za rangi ya waridi, na viatu vya visigino vilivyozama ardhini kila aliposimama mahali pamoja, kwa hiyo alikuwa akitembeatembea. Kibuyu kiliwekwa mezani juu ya kitambaa cha altare. Mzee Mukengere aliketi mbele na ndugu zake wawili kutoka Bugarama, fimbo mapajani. Nyiraneza alikaa pembeni na binti yake.

"Kosa litajwe," alisema Mwalimu Tuyishimire.

Kayitare alisimama. Alikuwa amejiandaa kupita kiasi.

"Mi ni mwizi," alianza, na watu wakaguna kwa kuridhika. "Niliiba bidoni ya Maman Drocella. Niliiba na furaha. Njiani nilikuwa nikiimba." Akaona Madame Isimbi anaandika, akatiwa moyo. "Kwa kweli zilikuwa bidoni mbili."

"Mbili?" Mwalimu aliinua kichwa. "Hapa tuliandika moja."

"Ile ya pili sikutaka kuwasumbua nayo."

"Na sabuni je?" alipaza sauti mzee mmoja wa nyuma. "Mwaka ule nilipoteza sabuni!"

"Na sabuni," Kayitare alikubali.

"Na jembe yangu?"

"Jembe gani, Papa?"

"Ya mpini mufupi."

"Ile pia. Unisamehe, ilikuwa jembe muzuri."

Watu walipiga makofi. Haikuwahi kuonekana toba nzuri kama ile. Mzee Mukengere aliwanong'oneza ndugu zake, nao wakaitikia. Ni hapo Drocella alipofanya kosa la kutazama pembeni.

Nyiraneza alikuwa analia. Hakulia kwa kelele. Miaka tisa mwanamke huyo alisema kisimani, sokoni, kanisani, kwamba mume wake hajawahi kuchukua hata ndizi ya mtu; na kila aliposema, watu walimwambia pole, Maman, kwa namna ambayo ni afadhali tusi. Sasa alikuwa anamsikia mume mwenyewe kwa kinywa chake, mbele ya wakwe, akiongeza jembe. Uwingabire alikuwa amevuta kitambaa kikafunika uso.

"Anasema uongo," alisema Drocella, kwa sauti ya chini.

Mwalimu aliinama. "Unasema nini, Madame Presidenti? Zamu yako bado."

"Anasema uongo!" Hiyo ilikuwa ya soko. Kamera ya Madame Isimbi ilishuka. "Huyu muntu hakuiba kintu! Hata sabuni! Hata jembe! Papa, jembe yako iko kwa shemeji yako, kila muntu anajua!"

"Maman," Kayitare alimwambia kwa meno machache aliyobaki nayo, "unaniharibia."

Drocella hakumsikiliza. Aliyasema yote wima, kama mtu anayenadi samaki: lori, turubai, kitenge, na yale maneno aliyomwambia dereva. Alisema jinsi alivyomsukuma mtu mgongoni apande, na jinsi mtu huyo alivyokuja Jumatano kumweleza kwa nini bidoni halikufika. Alisema jinsi alivyozunguka na jina lake miaka tisa, na jinsi alivyojengea juu ya jina hilo umoja mzima, kwa kuwa amesamehe, na kumbe hapakuwa na cha kusamehe. Kisha akatoka nyuma ya meza, akapiga magoti mbele ya Kayitare na Nyiraneza, akaomba.

Upepo ulipuliza mirija ya kibuyu, ikalia.

"Hii haimo katika utaratibu," alisema Mwalimu Tuyishimire, karibu kulia. "Mwenyekiti ni msamehevu. Madame, inuka, tafadhali, tuanze upya."

"Mi siinuki."

"Mwalimu," alisema Mzee Idi Ciza, akichezea ndevu zake, "hebu soma ule utaratibu wako."

Mwalimu alisoma. Kosa litajwe.

"Limetajwa," alisema Mzee Idi. "Endelea."

Aliyekosa aombe. Ameomba. Aliyekosewa asamehe.

Uwanja wote ulimgeukia Kayitare. Alikuwa amesimama na kofia mkononi, amekasirika kuliko alivyokasirika miaka tisa, maana toba yake ilikuwa inakwenda vizuri.

"Na mi kama nikisamehe, nani atanisamehe mi?"

"Wewe ulifanya nini?" Mzee Idi alimuuliza.

"Kintu haiko! Njo tabu yangu!"

Nyiraneza alimvuta shati. "Papa Uwingabire. Musamehe muntu, magoti yake inaumia."

"Basi nimesamehe," alisema Kayitare kwa uchungu. Wakanywa. Fanta ilikuwa imepoteza gesi yote. Drocella alikunywa akiwa bado amepiga magoti, Kayitare akiwa ameinama, na mirija yao ikagongana.

Mwalimu Tuyishimire alikuwa mtu wa sheria. Utaratibu ulisema aliyeomba ndiye apewe kadi. Alijaza jina Mukandori Drocella, akalipulizia, akagonga muhuri wa kandambili, akamkabidhi kadi namba moja mbele ya watu wote. Madame Isimbi, aliyekuwa na safari ndefu ya kurudi na visigino vyenye udongo, alijaza fomu ya waridi kufuata kadi: mfungwa wa zamani, mwanamke, mjane, amepokelewa. Akampiga picha.

"Na mi?" aliuliza Kayitare. "Kesho nitaonyesha nini?"

Alimuuliza Mwalimu, lakini aliyejibu ni Mzee Mukengere. Alikuwa amesimama na kuegemea fimbo yake, akikohoa kwanza kama kawaida ya watu wa saruji.

"Papa, mi niliingia hapa kutafuta kadi. Sasa ngoja nikuulize. Ile siku, jirani alikutuma Kamembe. Ulikataa?"

"Sikukataa."

"Ulikuwa na kazi yako?"

"Nilikuwa nataka kupalilia maharagi."

"Ukaacha maharagi ukaenda. Ukachelewa miaka tisa. Ukarudi. Na kintu ya kwanza, ukaenda kwa mwenye bidoni kumuelezea juu ya nini haikufika." Aliwageukia ndugu zake. "Bandugu, bakwe ba siku hizi, ukimutuma muntu kuleta maji anauliza ndoo iko wapi. Huyu hatutamupata mara mbili. Kesho tunakuja, na saa nne kamili."

"Na mukosi?" Kayitare aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mukosi ilikuwa ya lori," alisema Mzee Mukengere, na neno hilo likakubalika, hata sasa hakuna aliyeliuliza maana.

Jumamosi Kayitare alikalia kiti cha baba. Hakusema sana, msemaji wake alisema. Lakini walipofika mahali pa kuulizwa kama binti anatolewa kwa moyo mmoja, alijibu mwenyewe kabla msemaji hajafungua kinywa, jambo lisilofanyika, na watu walicheka wakamwacha.

Umoja wa Kupokea haukuvunjika. Ulipata tabu nyingine. Juma lililofuata alikuja yule shemeji aliyekaa na jembe kumwomba msamaha mwenye jembe, akitaka na yeye kadi. Akaja mwanamke aliyemsingizia jirani ugonjwa. Wakaja wawili waliogombana juu ya mpaka wa shamba la mpunga tangu ujana wao. Mwezi wa sita wafungwa wenyewe walipoanza kushuka kwenye magari na mafurushi yao, walikuta foleni ya watu ambao hawajawahi kufungwa hata siku moja, wakaambiwa wasubiri zamu. Wengine walichoka kusubiri wakaanza kuwasaidia watu wa foleni kupanga maneno, kwa kuwa wao walikuwa na uzoefu. Maman Antoinette alisema ndiyo kupokelewa huko, kwani kingine ni nini?

Drocella aliomba kujiuzulu uenyekiti. Kamati ilikataa: kadi yake inasema amepokelewa, hana sababu ya kuondoka. Kutoka Kigali alitumiwa blanketi la mfungwa wa zamani na barua ya kumwalika kwenye semina ya siku tatu, namna ya kuishi tena na majirani. Aliandika kwamba kuna makosa. Walimjibu kwa upole kwamba wengi huona aibu mwanzoni. Alikwenda. Alisema baadaye kwamba siku ya pili ilimfaa.

Kayitare alimsalimia kila siku, kwa ubaridi kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa kitu mbele ya wageni. Nyiraneza hakumsalimia. Miaka yote tisa alikuwa akipita mbele ya beseni la Drocella sokoni bila kugeuza shingo, akanunua sambaza kwa mwanamke wa tatu kutoka pale, na baada ya ile Ijumaa aliendelea kupita vilevile. Kupiga magoti kulikuwa kumemtosha Mwalimu na fomu zake. Nyiraneza mwenyewe hakuwa ameulizwa kama anasamehe.

Juma moja kabla ya harusi, asubuhi ya soko, alisimama. Alitua kapu lake chini. Alichota sambaza kwa kiganja, akazigeuza kwenye mwanga, akazirudisha, akachota nyingine kutoka chini kabisa ya beseni, mahali ambapo wauzaji huficha zile mbaya.

"Hizi ziko na mchanga," alisema.

Drocella, ambaye juu ya samaki hakugombana na mtu, alifungua kinywa akakifunga.

"Ziko na mchanga siku zote, Maman," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, wala hakurudia.

"Siku zote mi sikuwa mteja yako." Nyiraneza alisukuma kapu mbele kwa mguu. "Pima ya harusi. Na mchanga uitoe mbele ya macho yangu."

Drocella alivuta kigoda, akaketi, akaanza kuchagua moja moja.